Ugonjwa wa macho usiouma nao ni wa haraka

Hapa kwetu Beni na Butembo tumezoea kupima ugonjwa kwa damu. Mtu akiletwa kituo cha afya akitokwa na damu, watu wote wanasimama na kumpisha. Lakini akifika mtu anayetembea mwenyewe, hana kidonda, hana homa, akasema tu "naona kama radi pembeni mwa jicho langu la kushoto", anaonyeshwa benchi. Akiwa na bahati, anaambiwa arudi siku munganga wa macho atakapokuwapo, na siku hiyo inaweza kuwa ya wiki ijayo. Maoni yangu ni kwamba huyo wa radi machoni apelekwe mbele siku hiyohiyo, kama anayetoka damu. Ninajua wengine watacheka. Naomba wasome kwanza.

Tangu mwezi wa kumi mwaka wa 2014, mauaji yalipoanza kufuatana katika eneo la Beni, tumeandika habari za waliokatwa, waliochomewa nyumba, waliotekwa. Sijawahi kusoma wala kuandika habari hata moja ya mtu aliyepoteza jicho kwa sababu alikosa kupita barabarani kwa siku nne. Hao wapo. Wako nyuma ya nyumba wamekaa, watoto wanawaongoza kwenda chooni, na majirani wanasema ni mapenzi ya Mungu au ni mkono wa mtu.

Ugonjwa ninaousemea ni kuchanika kwa retina. Retina ni utando mwembamba sana ulioko nyuma kabisa, ndani ya jicho. Ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo, na bila huo jicho ni kama dirisha la nyumba isiyo na mtu. Ndani ya jicho, mbele ya retina, mna ute mzito kidogo kama ule mweupe wa yai bichi. Miaka inavyosonga ute huo unalegea na kujivuta kutoka kwenye retina. Kwa watu wengi unaachia pole pole bila shida. Kwa wengine umeshikana kwa nguvu mahali fulani, na unapojivuta unachana.

Ndugu zetu mnaokaa chini ya shitingi mtaelewa haraka kuliko mwanafunzi wa udaktari. Shitingi ikiwa nzima, upepo unapita juu yake. Ikichanika kidogo tu, tundu la kuingiza kidole, upepo unaingia chini na kuanza kuipigapiga. Usipoifunga jioni hiyo, asubuhi utaikuta imeng'oka yote na mvua imewanyeshea watoto. Retina ni hivyohivyo. Tundu dogo linaruhusu maji ya ndani ya jicho kupita nyuma ya utando, na maji hayo yanaubandua. Tundu peke yake linafungwa kwa leza, kazi ya dakika chache, mgonjwa amekaa kwenye kiti, na anarudi nyumbani siku hiyo. Retina ikisha banduka, inataka chumba cha upasuaji, munganga aliyesomea kazi hiyo hasa, na feza ambazo jamaa nyingi hapa hazijawahi kuzishika pamoja. Kati ya hali hizo mbili kunaweza kuwa na wiki, siku, au saa. Ndiyo maana ninasema benchi ni hatari.

Tena haliumi. Retina haina mishipa ya maumivu. Jino likitoboka unalia usiku kucha na jirani analeta karafuu. Retina ikichanika unalala vizuri.

Basi mtu atajuaje? Kuna dalili, na ningependa kila mwenye radio awasomee watu wa nyumbani mwake. Ya kwanza ni mimweko ya mwanga, kama umeme wa mvua au kama mtu anapiga picha kwa simu pembeni mwako, hasa gizani, hata ukiwa umefumba macho. Ya pili ni vidoa vyeusi vinavyoelea: nzi, nyuzi, utando wa buibui, masizi. Watu wengi tunaona kidoa kimoja au viwili kwa miaka na hakuna neno. Shida ni vikija vingi kwa ghafula, kama mtu amemwaga unga wa makaa ndani ya jicho. Ya tatu ni pazia: upande mmoja wa jicho unakuwa mweusi au wa kijivu, na pazia linasogea kuelekea katikati. Pazia likifika katikati, hata upasuaji ukifanywa vizuri mara nyingi hauwezi kurudisha uoni wote wa zamani. Kati ya watu wanaofika kwa munganga wa macho na mimweko au vidoa vya ghafula, karibu mmoja kati ya saba hukutwa retina imechanika. Wengine sita wanarudi na amani. Kwa hiyo usiogope kwenda ati utaonekana mwoga.

Kuna kosa moja tunalolifanya wengi. Tunatazama kwa macho mawili pamoja. Jicho zima linaficha upungufu wa mwenzake, na mtu anakuja kugundua jicho moja limezimika siku vumbi limeingia katika lile la pili. Kila asubuhi, ukinawa uso, funika jicho moja kwa kiganja, tazama fremu ya mlango au nguzo ya nyumba, kisha funika la pili. Hakuna malipo.

Mimi ninaisema habari hii kama mtu inayemhusu. Tangu shule ya msingi sioni mbali. Miwani yangu, ile tunayoita lineti, ni mizito, na macho ya namna hiyo ni marefu kuliko kawaida, retina yake imenyooshwa kama ngoma iliyokazwa kupita kiasi. Imechanika mara tatu: mara mbili jicho la kulia, mara moja la kushoto. Mara zote tatu leza ilifanywa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Leza ya kwanza haikuzuia tundu la pili, kwa sababu leza inashona palipochanika, haigeuzi utando kuwa mpya. Watu wananiuliza: "Papa mwandishi, si walikuponya?" Walinifungia tundu. Na sasa ninaishi kama mwenye nyumba ya bati la zamani, kila mvua ninasikiliza.

Ninafanya kazi gani? Kazi ya macho. Kuandika kwa simu usiku, kusoma ujumbe wa watu kutoka Mbau, Eringeti, Kamango, kukata sauti kwenye kompyuta ndogo yenye kioo kilichofifia ili betri isiishe kabla ya habari. Na hapa nataka kutenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku, hata watu waliosoma.

Uchovu wa macho na kuchanika kwa retina ni vitu viwili. Simu haichani retina. Cherehani haichani retina. Kusoma kwa tochi hakuchani retina. Mtu anayetazama kioo kwa saa nyingi anasahau kupepesa. Kope zinashuka mara chache kuliko kawaida, jicho linakauka, linawasha, linakuwa jekundu, kichwa kinauma juu ya nyusi, maandishi yanacheza. Inasumbua sana, lakini ukipumzika inapita. Kutoka hapo yanazaliwa makosa mawili. Kuna anayeona mimweko akasema ni uchovu wa simu, akazima simu siku tatu, akangoja. Hakuna usingizi unaofunga tundu. Na kuna aliyechanika retina mara moja, akatibiwa, akaacha kazi kabisa kwa hofu, akawa mzigo kwa jamaa bila sababu, wakati munganga hakumkataza kusoma wala kushona.

Nilikutana na mama mmoja mshonaji, aliyehama kutoka upande wa Mayangose na anakaa katika jamaa iliyompokea hapa Beni. Anashona sare za shule kwa mashine ya kukanyaga, mlangoni, kwa sababu ndani hamna mwanga. Aliniambia, "Papa, macho yangu yamekwisha." Nilimwuliza kama anaona radi au pazia. Hapana. Kumbe ana miaka arobaini na sita, na kitambaa anakishika mbali kuliko mkono unavyofika. Huyo hana ugonjwa wa retina, ana umri. Miwani ya kusomea inamtosha. Lakini hata hiyo alikuwa amenunua sokoni kwa kujaribu-jaribu, ya nguvu kupita kiasi, na inamuumiza kichwa. Alipimwa, akabadilisha, na sasa anatunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtoto. Ninamtaja kwa sababu wengi wanaosema macho yamekwisha wako kama yeye, na dawa yao ni nyepesi. Ni kweli pia kwamba miwani iliyopimwa ni ghali kuliko ile ya sokoni. Ila ukipiga hesabu ya sare zilizoharibika, sijui ipi ni ghali zaidi.

Kwa uchovu wa kawaida, hizi ndizo njia zangu. Baada ya kila dakika ishirini za kutazama karibu, ninainua macho na kutazama kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde ishirini. Butembo tuna vilima kila upande, tunakosa sababu ya kutotazama mbali. Herufi za simu nimezikuza hadi vijana wananicheka. Ujumbe mrefu ninaurekodi kwa sauti badala ya kuuandika, na kijana tunayefanya naye kazi ananisomea karatasi za matangazo. Ninajikumbusha kupepesa. Moshi wa makaa ninaukaa mbali, na jiko likiwa ndani ya nyumba ninawaomba wanitolee nje, si kwa ajili yangu tu. Macho yakikauka, munganga ananiandikia machozi ya dawa. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani na majivu sikuweka wala sitaweka, na ninaomba mabibi na makoko wetu wanisamehe. Vitu hivyo vinaingiza vijidudu kwenye kioo cha mbele cha jicho, na kidonda cha hapo kinaacha kovu jeupe la maisha.

Wenye kazi ninawaomba jambo moja dogo. Mfanyakazi akileta karatasi ya munganga inayosema apumzike siku kadhaa baada ya leza, msimwambie "mbona unaona vizuri?" Kovu la leza linahitaji karibu wiki mbili ili lishike sawasawa. Siku hizo mtu hatakiwi kubeba gunia la kakao, kupiga nyundo, wala kurushwarushwa juu ya pikipiki kwenye mashimo yetu. Nimesikia mwajiri mmoja hapa mjini, simtaji, akisema ugonjwa usioonekana ni uvivu. Ugonjwa huu hauonekani kwa sababu uko nyuma ya mboni. Munganga mwenyewe anauona tu baada ya kutia dawa ya kupanua mboni na kutazama kwa taa na kioo maalum.

Nani awe na wasiwasi zaidi? Wasioona mbali wenye miwani mizito, kama mimi. Waliopita miaka hamsini. Makoko waliopasuliwa mtoto wa jicho, hata kama upasuaji ulikwenda vizuri. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyebanduka retina. Na waliopigwa jichoni. Hapa kwetu hao wa mwisho ni wengi: anayepasua kuni na kipande kikaruka, kijana wa manati, mwashi, fundi wa vyuma anayegonga bila kinga, motari aliyeanguka, mwanamke aliyepigwa ngumi nyumbani na kusema alijigonga mlangoni. Retina inaweza kuchanika siku ya pigo, au ikabanduka miezi baadaye wakati uvimbe umesahaulika. Mtoto wa kambini aliyepigwa fimbo jichoni wakati wa mchezo atazamwe, hata kama jicho kwa nje limerudi jeupe na zuri.

Kuna kundi jingine ambalo ni letu kabisa. Ebola ilitangazwa hapa tarehe 1 mwezi wa nane mwaka wa 2018, ikianzia Mangina, na ilitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita mwaka wa 2020. Watu 2,287 walikufa. Waliopona walizidi elfu moja. Baadhi yao walirudi na ugonjwa ndani ya macho, uvimbe wa ndani unaoweza kuleta kovu kwenye retina, mtoto wa jicho kabla ya umri, na hata upofu. Jambo hilo lilijulikana tangu Ebola ya Afrika ya Magharibi, ambapo munganga Mmarekani Ian Crozier alipona, halafu virusi vikakutwa vimejificha ndani ya jicho lake na rangi ya jicho ikageuka. Mwaka wa 2019 waganga wa macho walikuja Beni kuwapima waliopona, wakati ugonjwa ungali unaua. Walifanya vizuri. Lakini macho ya waliopona hayakuisha siku ugonjwa ulipotangazwa kuisha, na wewe uliyepona unayesoma hapa, ukiona ukungu, wekundu au vidoa vingi, usiseme ni jambo la zamani.

Sasa barabara. Hapo ndipo penye uchungu wangu.

Zamani mtu wa Butembo mwenye shida ngumu alifikiri Goma kwanza, alipanda gari kupitia Lubero, Kanyabayonga na Rutshuru. Kanyabayonga ilichukuliwa na M23 mwezi wa sita mwaka wa 2024, Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025. Tangu hapo mgonjwa anahesabu vizuizi kabla ya kuhesabu dawa. Upande wa mashariki iko Kasindi, halafu daraja la Mpondwe, Bwera, Kasese. Wengi wanaendelea hadi Mbarara, ambako hospitali ya misheni ya Ruharo ina kituo cha macho kinachojulikana, au hadi Kampala. Lakini barabara ya Beni kwenda Kasindi nayo tunaijua. Magari yamechomwa humo, watu wametekwa humo. Kuna siku dereva anasema leo hatuendi, na hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana mimweko ya Jumatatu isingojwe hadi Ijumaa: huwezi kujua kama Ijumaa kutakuwa na njia.

Jambo moja kuhusu njia hiyo sijaona likiandikwa kwa lugha yetu. Retina iliyobanduka, mara nyingine munganga anaipasua na kuacha povu la gesi ndani ya jicho ili liusukume utando urudi mahali pake. Povu hilo hukaa siku nyingi, mara nyingine wiki nyingi, kulingana na aina ya gesi. Ukipanda juu, gesi inavimba. Ndani ya ndege inaweza kuvimba hadi mgandamizo wa jicho ukaua mshipa wake, na mgonjwa akashuka kipofu. Kila mtu anaambiwa asipande ndege. Lakini sisi tunatoka bondeni Kasindi na kupanda hadi Butembo, milimani, kwa gari, saa chache. Mgonjwa mwenye gesi amwambie munganga wazi: "Kwetu ni juu, ni milimani." Munganga wa mbali hajui Butembo iko wapi. Anaweza kukuzuia kwa muda, au kutumia mafuta badala ya gesi, kisha ukarudi kuyatoa. Na ukipasuliwa kwa dharura nyingine wakati gesi iko, mwambie anayekulaza usingizi, maana dawa moja ya usingizi nayo inaivimbisha.

Watu wataniambia: wenzetu wanachinjwa kwa panga, watoto hawana muhogo, wewe unaleta habari ya utando wa jicho. Nimesikia neno hilo, tena kutoka kwa mtu ninayemheshimu, mzee wa shirika la raia. Alisema, "Mwanangu, kila kitu kwa zamu yake." Ninamjibu kwa heshima kwamba jicho halijui zamu. Motari akizimika macho, jamaa yake yote inashuka pamoja naye, na kama ni jamaa iliyohama, haina shamba la kurudia wala ng'ombe wa kuuza. Mshonaji aliyepofuka hapa Beni mwaka huu ataendelea kuwa kipofu siku amani itakaporudi Mayangose. Tundu lingefungwa kwa dakika chache.

Haikuwa hivi siku zote duniani. Hadi miaka mia moja iliyopita, retina ikibanduka karibu hakuna aliyepona popote. Wagonjwa walilazwa kitandani miezi, macho yamefungwa, wakapofuka polepole. Ni Jules Gonin, munganga wa Lausanne kule Uswisi, aliyeonyesha miaka ya 1920 kwamba chanzo ni tundu, na kwamba tundu likichomwa na kufungwa retina inarudi. Wenzake wengi hawakumwamini kwa miaka. Halafu Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath alikutana na watu walioungua retina kwa kutazama kupatwa kwa jua mwaka wa 1945, akafikiri kwamba mwanga unaounguza ungeweza pia kushona. Majaribio yake ya kwanza alitumia jua lenyewe, kwa vioo. Leza ya leo imetoka huko. Ninaisimulia kwa sababu mashine hiyo si kitu cha juzi cha matajiri. Ni elimu ya babu zetu, na sisi bado tunaitafuta kwa gari la kukodi.

Kampeni za macho zinazopita miji yetu ninazishukuru. Zinatoa watoto wa jicho, na makoko wanarudi kuona wajukuu. Lakini mtoto wa jicho anaweza kungoja kampeni. Retina haiwezi. Na mashirika yanayolipia matibabu ya waliohama yanasema, ukiuliza, kwamba macho ni jambo la baadaye, isipokuwa jeraha. Basi tundu la retina liandikwe kama jeraha. Ndivyo lilivyo.

Wewe uliyehama, weka miwani yako na karatasi za macho ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya mpiga kura na cheti cha mtoto, kwenye ule mzigo unaoushika kwanza risasi zikisikika. Nimeona watu waliofika Oicha wakiwa na sufuria na godoro, bila miwani, na wakashindwa kusoma jina lao kwenye orodha ya chakula. Karatasi ikionyesha jicho gani lilipigwa leza na mwaka gani, munganga mpya anaanza kutoka hapo, haanzi upya.

Na nyinyi waganga wakuu wa zoni za afya, Beni, Oicha, Butembo, Katwa na kwingine, leo siombi jengo wala mashine. Ninaomba karatasi moja. Iandikwe mtu mwenye mimweko au pazia machoni aende wapi kutiwa dawa ya mboni na kutazamwa retina, siku gani, kwa feza ngapi. Leza ya karibu iko wapi wiki hii na inafanya kazi au imeharibika. Na kama ni ng'ambo ya mpaka, nani anamwandikia karatasi ya kupita. Wauguzi wa vituo waipate ukutani, karibu na lile benchi. Sisi tutaisoma katika habari za jioni, kwa Kiswahili na kwa Kinande, kila wiki, bila kudai malipo ya tangazo.